Kosa Lisilo na Maiti: Riwaya ya Upelelezi na Biashara ya Watu katika Pwani ya Fizi na Baraka

Utangulizi

Mtunzi wa riwaya ya upelelezi huanza na maiti. Mtu ameuawa, mlango umefungwa kwa ndani, na msomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza kwamba kosa limetendeka. Kisichojulikana ni mtendaji tu. Makala haya yanashughulikia kosa la namna nyingine. Halina maiti, halina saa ya kutendeka, na mara nyingi hata jamaa wa aliyetendewa hawakubali kuliita kosa. Kosa hilo ni biashara ya watu. Swali linaloulizwa ni la kifasihi na la kiisimu kwa pamoja: kwa nini riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, ambayo imekwisha kuchunguza mauaji, ujasusi na magendo ya kila aina, haikulifanya kosa hili kuwa kiini chake ila kwa nadra? Na mtunzi anayekusudia kuliandika akiwa Fizi au Baraka, katika Kivu ya Kusini, aanzie wapi?

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba aanze na maneno. Katika pwani hiyo ya Ziwa Tanganyika kosa hili halikufichwa katika chumba kilichofungwa, bali limefichwa katika msamiati wa kila siku ambao kila mtu anautumia bila kuona haya. Mpelelezi asiyejua kusikiliza maneno hayo hatapata hata mahali pa kuanzia.

Urithi wa Bwana Msa

Yafaa kwanza kuangalia chombo chenyewe. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina mwanzilishi anayejulikana: Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 na kupigwa chapa mwaka 1960. Humo wasomaji walikutana kwa mara ya kwanza na Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum, sahibu yake. Ukoo wake na Sherlock Holmes hauhitaji kuthibitishwa. Linalostahili kuangaliwa zaidi ni maisha ya mtunzi mwenyewe. Kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu kwa ruhusa ya serikali, akatazama kisima, jiko na choo, na huona mengi ambayo hakutumwa kuyaona. Si ajabu basi kwamba siri nyingi za riwaya zake ni siri za nyumbani: nasaba, urithi, nani mtoto wa nani.

Waliomfuata walihama nyumbani wakaingia mjini na mipakani. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba, mfanyabiashara, alimbuni jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974) na kumpeleka Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi (1979). Ben Mtobwa (1958–2008), mzaliwa wa Mkoa wa Kigoma, yaani ng'ambo ya pili ya ziwa lile lile linaloiosha Baraka, alimpa msomaji Joram Kiango, na mwaka 1990 akatoa Dar es Salaam Usiku, riwaya iliyouweka ukahaba wa mjini katikati ya hadithi. Hapo pengine ndipo fani hii ilipolikaribia zaidi somo letu, kwa kuwa mwili wa mtu ni bidhaa waziwazi, tena yenye bei.

Hata hivyo kukaribia si kufika, na sababu moja ya kutofika inapatikana katika hali ya maisha ya uandishi. Watunzi hawa waliandika huku wakiwa na kazi nyingine. Abdulla alikuwa mtumishi wa serikali na mhariri. Musiba alikuwa na biashara zake. Mtobwa alikuwa mwandishi wa habari, na hatimaye akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Kitabu cha namna hii huuzwa mkononi, kando ya barabara na katika vituo vya mabasi, kwa msomaji ambaye ana safari na ana fedha kidogo. Hapana budi kimshike katika kurasa mbili za mwanzo. Maiti humshika. Bastola humshika. Lakini mtoto wa miaka 12 anayepanda boti akiwa ameshikwa mkono na mtu anayemcheka kwa upole hamshiki mtu. Msomaji atadhani ni hadithi ya safari ya likizo.

Sababu ya pili ni ya kimuundo. Upelelezi wa kawaida hudai mtendaji mmoja, au genge lenye mkuu mmoja, ili mwisho awepo wa kunyooshewa kidole. Biashara ya watu ni mnyororo. Mzazi alikubali kwa sababu ya deni au ahadi ya shule, jirani alipendekeza, mwenye boti alichukua nauli yake ya haki, mwenye nyumba ya kule alimpa mtoto chakula na mahali pa kulala. Ukimuuliza kila mmoja, kila mmoja ametenda wema. Katika riwaya ya Bwana Msa washukiwa huwa wengi na mkosaji mmoja. Hapa wakosaji ni wengi na hakuna anayeshukiwa.

Pwani ya Magharibi ya Ziwa

Baraka imekaa ufukweni, katika ghuba iliyokingwa na rasi ya Ubwari. Mji wa Fizi uko juu, milimani, na kati ya miji hiyo miwili zipo njia za miguu, za baiskeli na za malori yanayoshusha mihogo na kupandisha chumvi na ndagala. Wenyeji wengi ni Wabembe, lakini wamo pia Wabuyu, Wabwari, Wamasanze, Wafuliru, Wanyamulenge na wengineo, na lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili.

Kiswahili hicho kilifika pamoja na misafara. Mwaka 1858 Burton na Speke walivuka kutoka Ujiji kwa mitumbwi, wakapita Ubwari, ambayo waliidhani kisiwa, hadi Uvira, na wakakuta soko la pembe na watumwa limekwisha kusimama. Miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, alikuwa na nguvu Ujiji na kaskazini mwa ziwa. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alitawala njia za Manyema, magharibi zaidi. Huyu wa mwisho alifanya jambo ambalo wahalifu wa riwaya huwa hawalifanyi: aliandika. Maisha yake, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa Berlin mwaka 1902–03 kwa juhudi za Heinrich Brode, na Whiteley akayatoa tena mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa mtunzi wa upelelezi kitabu hicho ni hazina. Ni maelezo ya mtendaji, kwa lugha fasaha, bila kulazimishwa na polisi. Na hakuna ungamo ndani yake. Tippu Tip anaeleza pembe kwa frasila na kwa bei. Wafanyabiashara na watawala anawataja kwa majina. Waliotekwa hupita kwa wingi, kama mvua iliyonyesha njiani. Msomaji anayetafuta uongo katika maandishi yale hataupata kwa urahisi. Ushahidi umo katika kile kinachopewa jina na kile kisichopewa.

Upande wa pili wa kesi upo pia, lakini umeandikwa kutoka mahali pengine. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), alieleza habari za watu wa baba yake waliotekwa, wakapelekwa baharini, wakaokolewa na manowari ya Waingereza na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa. Hadithi ile ina mwisho: meli inatokea, pingu zinafunguliwa. Pwani ya Fizi haikupata mwisho wa namna ile. Iliyopata ni kitenzi kimoja, na kitenzi hicho kinastahili kufuatwa kama mpelelezi anavyofuata nyayo. Kitenzi chenyewe ni kukomboa.

Mwaka 1880 Mapadre Weupe walifungua kituo Masanze, na mwaka 1883 wakafungua kingine Kibanga, upande wa Ubwari. Sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwakomboa watumwa, hasa watoto, yaani kuwanunua kutoka kwa wenye kuwauza, kisha kuwalea katika kituo. Si haki kumsawazisha mkombozi na mwuzaji. Aliyekombolewa hakuuzwa tena. Lakini mpelelezi ana wajibu wa kuhesabu fedha, na fedha zilikwenda kwa mwuzaji. Tena mtoto aliyekombolewa kwa kawaida hakurudi kwao. Alibaki katika kijiji cha kituo, chini ya waliomnunua. Katika sentensi mapadre walimkomboa mtoto, mtoto ni yambwa, kama alivyokuwa yambwa katika sentensi iliyotangulia, mfanyabiashara alimteka mtoto. Kiima kimebadilika, nafasi ya mtoto haijabadilika.

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 boti zenye watu wenye silaha zilivuka ziwa kutoka upande wa Fizi hadi Gombe, kaskazini mwa Kigoma, kwenye kituo cha utafiti wa sokwe. Walichukuliwa wanafunzi watatu Wamarekani na msaidizi mmoja Mholanzi. Waliowachukua walikuwa wapiganaji wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila kilichokuwa na ngome katika milima ya Fizi tangu mwaka 1967, nao walidai fedha, silaha na kuachiliwa kwa wenzao waliofungwa Tanzania. Mateka wa mwisho aliachiliwa mwezi Julai, baada ya fedha kulipwa. Tukio hilo halihesabiwi kwa kawaida katika historia ya biashara ya watu, na katika sheria utekaji una jina lake. Hata hivyo lugha inayaona mambo haya kuwa ya ukoo mmoja, kwa sababu malipo ya kumrudisha mateka ni kikomboo, na kitendo ni kile kile cha Masanze: mtu ana bei, na yuko anayeipokea.

Kisha mwezi Oktoba 1996 muungano wa AFDL ukatangazwa, Kabila akiwa msemaji wake, na neno ukombozi likaandikwa katika jina na katika kila hotuba. Waliolibeba mabegani, kutoka Uvira na Fizi hadi Kinshasa mwezi Mei 1997, wengi walikuwa watoto.

Mashahidi wa Kiisimu

Watoto hao waliitwa kadogo. Katika Kiswahili sanifu udogo huonyeshwa kwa ki- na vi-: kitoto, vitoto. Kiswahili cha Kongo kimehifadhi, kwa msaada wa lugha jirani, ngeli ya ka- na tu-: katoto, tutoto. Ni ngeli ya upendo. Kitinda mimba huitwa kadogo. Kwa hiyo, neno lililompasa mtoto mwenye bunduki halikuwa na askari ndani yake, wala vita, wala aliyemwandikisha. Lilikuwa na upendo tu.  Isimu haina haja ya kulaani. Inatosha kuonyesha kwamba kosa ambalo mwaka 2012 lilimtia hatiani mkuu wa waasi wa Ituri, Thomas Lubanga, mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, lilikuwa na jina la kubembelezea watoto katika lugha ya waliotendewa. Mwaka huo huo, tarehe 4 Oktoba, Serikali ya Kongo ilitia sahihi pamoja na Umoja wa Mataifa mpango wa kukomesha uandikishaji wa watoto jeshini.

Shahidi wa pili ni mzee zaidi. Mtumwa ni kauli ya kutendwa ya kutuma: ni aliyetumwa. Mtumishi na mtume wametoka katika mzizi ule ule. Hakuna katika umbo la neno mtumwa pingu wala ununuzi. Kuna mtu aliyeambiwa aende mahali akaenda. Mama wa milimani anaposema nimemtuma mtoto Baraka, sarufi imekwisha kufungua mlango ambao mfanyabiashara ataupita. Hilo halimfanyi mama kuwa mwuzaji. Linaonyesha tu jinsi njia ilivyo fupi kati ya kutumwa na kuwa mtumwa.

Wa tatu ni jina la lugha yenyewe. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana, kutokana na waungwana, watu huru. Wangwana wa misafara wengi wao walikuwa na asili ya utumwa, au walikuwa bado watumwa wa matajiri wa pwani, na jina la uungwana lilikuwa dai dhidi ya wale waliokuwa chini yao zaidi. Yaani lugha ya eneo zima ilipata jina lake kwa kukana jambo. Mpelelezi mzuri huwa makini anaposikia mtu akikana jambo ambalo hakuulizwa.

Sheria na Jina la Kosa

Mwezi Februari 2011 mahakama ya kijeshi inayotembea ilikaa Baraka. Ilimhukumu luteni kanali mmoja wa jeshi la taifa kifungo cha miaka 20, na kuwatia hatiani baadhi ya askari wake, kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, ukiwamo ubakaji uliotendwa mjini Fizi siku ya Mwaka Mpya. Wanawake walitoa ushahidi. Yako mengi yaliyowezesha kesi ile, na mojawapo, ambalo halitajwi sana, ni kwamba kosa lilikuwa na jina. Kwa miaka mingi redio, makanisa na vyama vya wanawake vya Kivu vilikuwa vimelirudia neno kubaka hata likaeleweka sokoni na barazani. Aliyesema nilibakwa alijua amesema nini, na hakimu pia.

Biashara ya watu haina bado neno la namna hiyo. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2005, ililifafanua kosa kwa mambo matatu: kitendo, kama vile kumwandikisha mtu, kumsafirisha au kumpokea, njia, kama vile nguvu, udanganyifu au kutumia unyonge wake, na lengo, ambalo ni kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18 njia haihitaji kuthibitishwa. Sheria ya Kongo Na. 22/067 ya tarehe 26 Desemba 2022 iliingiza kosa hilo katika Kanuni ya Adhabu. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, ambacho hutumia neno traite kwa biashara ya leo na ya karne ya 19 sawasawa, na Kiswahili cha nchi jirani hakikubaliani juu ya jina.

Tanzania, tangu sheria yake ya mwaka 2008, husema usafirishaji haramu wa binadamu. Jina hili lina kasoro kubwa kwa mtu wa Baraka: linalitia kosa katika safari. Kule kila mtu husafiri, na wengi husafiri bila karatasi. Mwenye boti aliyemvusha mkimbizi kwa nauli amefanya labda magendo, lakini hakumwuza mtu. Kinyume chake, msichana anayeweza kutumikishwa bila malipo nyumba ya tatu kutoka kwao hajasafiri popote. Magazeti ya Kenya, ambayo ina sheria yake ya mwaka 2010, hupenda ulanguzi wa binadamu. Neno hili lina nguvu zaidi, kwa sababu mlanguzi ni yule anayenunua bidhaa akaificha ili aiuze kwa bei ya kuumiza. Lakini linamwelekeza msikilizaji kwenye bei, na mara nyingi bei haionekani. Ni maoni ya makala haya kwamba biashara ya watu, jina lisilo na urembo, linafaa kuliko yote mawili. Mzee wa Ubwari hulisikia na kujua mara moja linahusu nini, maana babu zake walilijua.

Yaya

Namna ya kuligeuza jambo hili kuwa riwaya yaweza kuonyeshwa kwa kisa cha kubuni. Msichana wa miaka 12 kutoka kijiji kilicho juu ya Fizi anakabidhiwa kwa mwanamke wa Baraka. Mwanamke huyo si ndugu, lakini ni wa ukoo wa mbali wa jirani, naye huitwa yaya. Katika Kiswahili cha Kongo yaya ni kaka au dada mkubwa. Ni neno la heshima na la kutegemea. Ahadi ni shule, ng'ambo. Wanavuka ziwa hadi Kigoma. Huko mwanamke anamwacha katika nyumba fulani na kuondoka, na siku hiyo hiyo msichana anaanza kuitwa yaya. Katika Kiswahili cha Tanzania yaya ni mlezi wa watoto wa kuajiriwa. Neno ni moja. Limevuka maji pamoja naye, na kati ya kituo na kituo limegeuka kutoka undugu kuwa utumishi. Mshahara haupo, kwa kuwa, kama mwenye nyumba anavyoeleza, mtoto analelewa.

Hapa sarufi ndiyo inayoficha nyayo. Nyumbani watasema alipelekwa shule: kauli ya kutendwa, bila mtenda. Mwaka ukipita bila barua watasema amepotea, na kupotea ni kitenzi kisicho na mtenda kabisa; mtoto amejipoteza, kama mbuzi. Kazi yote ya mpelelezi ni kuzirudisha sentensi hizo katika kauli ya kutenda, moja baada ya moja, akiuliza kile ambacho kiunganishi na kingekitaja: alipelekwa na nani, akapokewa na nani, akatumikishwa na nani. Mpelelezi huyo si lazima awe polisi. Anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi anayeita majina asubuhi na kugundua kwamba jina moja halikuitikiwa tangu Pasaka.

Mfano wa karibu zaidi wa kazi hiyo hautoki katika riwaya ya upelelezi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliandika Paradise mwaka 1994, nayo ikatafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022. Kijana Yusuf anaondoka kwao pamoja na tajiri ambaye amezoea kumwita kwa jina la ukoo. Ni kijana mwenzake, naye akiwa katika hali hiyo hiyo, anayemweleza kwamba yule si jamaa yake: Yusuf ni rehani ya deni la baba yake. Hakuna bunduki katika ugunduzi huo. Neno moja la ukoo limevuliwa, na kosa lote limeonekana. Kisha msafara unaelekea bara, hata kuvuka ziwa kuja upande wetu.

Iko bado taabu ya lugha ya kuandikia. Kiswahili sanifu kitampa mtunzi wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi. Kiswahili cha Fizi kitampa ushahidi wake. Mwaka 1965 André Yav na wenzake, watumishi wa nyumbani wa zamani, waliandika Kiswahili cha Lubumbashi kama kinavyosemwa ili waeleze maisha ya utumishi mjini Elisabethville, na thamani ya maandishi yao, ambayo Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, imo katika ukaidi huo. Lakini wasomaji wa Baraka nao wamebadilika. Wengi walikimbilia kambi za Kigoma tangu mwaka 1996, Nyarugusu na Lugufu, na waliorudishwa kwa meli kuanzia Oktoba 2005 walirudi wakisikia Kiswahili cha pande zote mbili. Hao ndio wasomaji ambao riwaya hii ingeweza kuwategemea: mzaha wa neno yaya wangeuelewa bila tanbihi.

Mtunzi atalazimika pia kuyaficha majina ya waliomsimulia na kubadili vijiji vyao. Mapadre walipowakomboa watoto wa Masanze, aliyeuza alijulikana. Leo anaweza kuwa anakaa nyumba ya pili, na mtoto aliyerudi hukutana naye kisimani.

Msichana wa kisa hiki hatimaye anafikishwa kituo cha polisi, na jambo la mwisho la kuandikwa ni maelezo yake. Ikiwa ni Kigoma, atasema yaya ndiye aliyenileta, na karani ataandika kwamba mtoto ameletwa na mtumishi wa nyumbani. Ikiwa ni Baraka, atasema nilikuwa yaya. Karani, ambaye lazima aandike kwa Kifaransa, ataandika kwamba alikuwa dada mkubwa wa watoto wa nyumba ile, na ataifunga karatasi.